Tulivyoipigia Makofi Sauti ya Kinanda

Kinanda alifariki Jumatatu, na kufikia Jumanne mchana alikuwa mtu maarufu kuliko alivyowahi kuwa katika maisha yake yote. Mimi habari za umaarufu wake nilizipata kabla ya habari za kifo. Nilikuwa dukani kwangu Kariakoo, nampimia mteja kitambaa cha pazia, simu ikaanza kutetemeka juu ya meza bila kupumzika. Makundi yote niliyomo, la wafanyabiashara wa mtaa wetu, la kwaya, la ukoo, hata lile la niliosoma nao ambalo kwa kawaida halina kitu zaidi ya salamu za asubuhi zenye picha za maua, yote yalikuwa yanarusha kipande kilekile cha video. Picha ya zamani ya Kichina, wanaume wawili wanarushiana mateke juu ya daraja, na juu yake sauti nene yenye mikwaruzo inasema, "Leo utanitambua, shemeji! Nyumba ya marehemu utaitapika!" Chini yake watu wameweka mishumaa na vikatuni vya machozi, na maneno kwamba Tanzania imepoteza hazina. Hazina hiyo ilikuwa inakaa Mbagala miaka yote hiyo, kwenye chumba kimoja na sebule, na sikuwahi kusikia kwamba yupo hata mmoja wa hao waliaji aliyeiulizia. Kisha likaja lile lililonitoa machozi ya hasira. Waliweka na picha ya marehemu, mzee mnene aliyevaa suti na kofia, ananyoosha kidole kama mgombea ubunge. Hakuwa Kinanda. Alikuwa Mzee Kundaeli, mwenye banda la video, aliyekufa zamani kwa presha. Watu maelfu walikuwa wanamlilia Mzee Kundaeli, ambaye alipokufa yeye mwenyewe hakuliliwa sana.

Msibani Mbagala turubai lilikuwa kubwa na viti vilikuwa vingi, watu ndio hawakuwapo. Tulikuwa majirani, ndugu wachache waliotoka Lindi na mabasi, mafundi wawili watatu, na mimi na mpwa wangu niliyemlazimisha anisindikize. Baada ya maziko akaja kijana mmoja mwenye simu iliyofungwa kwenye fimbo na taa ya duara, akaanza kuzunguka akirekodi sufuria za pilau. Aliponifikia akasema, "Shikamoo mama. Nasikia ulifanya kazi na lejendari. Hebu sema maneno mawili matatu kwa mashabiki, ila anza kwa kulia kidogo, inashika zaidi." Nilimjibu marahaba kwa sababu nimelelewa, halafu nikamwambia aizime hiyo taa yake kabla sijaimeza. Aliizima, lakini nadhani aliendelea kurekodi, maana jioni mpwa wangu alinionyesha uso wangu mwenyewe mtandaoni, umenuna, na maandishi yanayosema: mama mkali msibani. Nimepata wafuasi kwa ukali kuliko nilivyowahi kupata kwa mapazia.

Nisije nikaeleweka vibaya. Mimi si katika wale wazee wanaoiona simu ni shetani. Nazipenda hizi tamthilia za Kituruki zilizowekewa Kiswahili, nazifuata zote, na nikiwa peke yangu nagombana nazo kwa sauti. Nasema huyu dada aliyemwekea mama mkwe sauti anasoma kama anatangaza ratiba ya treni. Nasema hapa alitakiwa avute pumzi kwanza. Mpwa wangu huwa anacheka, anasema, "Shangazi, umekuwa jaji?" Hajui kwamba kuzisemea picha ni kazi niliyowahi kuifanya. Hata hilo shindano la vijana waliloanzisha juzi, la kuchezesha midomo juu ya ile sauti ya "leo utanitambua, shemeji", lingenichekesha kama ningekuwa mtu mwingine. Wamo mabinti wamejipaka poda, wamo maaskari, yumo hata bibi harusi na shela lake. Wanajitahidi sana kuipatia ile mikwaruzo kwa kukaza mishipa ya shingo. Lakini mimi naijua mikwaruzo ile ilitoka wapi, na kila ninapoiona shingo ya mtoto wa watu imekazwa hivyo, nazima simu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na matokeo yalikuwa ya kuwaficha wageni. Nilikuwa nakaa Kariakoo katika nyumba ya vyumba sita, korido katikati, na uani choo, bafu, na sehemu ya kupikia ya wote. Chumba changu kilipakana na cha Kinanda na mkewe, Da Somoe. Ukuta uliotutenganisha ulipanda ukakata tamaa kabla ya kufika kwenye bati, na dari hapakuwa nayo, kwa hiyo kila kitu cha kwao kilikuwa changu: harufu ya samaki wa kukausha waliotumiwa kutoka Lindi, kikohozi, ugomvi, na mlio wa deki ya video ikimeza kanda. Chumba chao kilijaa kitanda, kabati la vyombo, na televisheni kubwa iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Asubuhi jua lilipita kwenye matundu ya misumari ya bati na kuweka vidoa vya mwanga juu ya kile kitambaa. Jina lake halisi lilikuwa Athumani. Kinanda aliitwa kwa sababu alikuwa na sauti nyingi kooni, na kila aliyetaka kuisikia mojawapo alikuwa anaomba kama anaomba wimbo. Kazi yake ilikuwa kutafsiri picha. Alikuwa anakaa bandani na maiki, picha inaonyeshwa, na yeye palepale anawasemea watu wote waliomo kwa Kiswahili, stelingi ambaye ndiye shujaa wa picha, adui, polisi, wazee, watoto. Wanawake wake wote walikuwa na sauti moja tu, sauti ya Da Somoe anapogombana na muuza maji.

Ilivyotokea nikaingia katika kazi hiyo ni kwamba Kinanda alikuwa hajui Kichina, wala Kihindi, na Kiingereza chake kiliishia kwenye namba za jezi. Mimi nilikuwa nimeshindwa mtihani, lakini yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha niliweza kuyakimbiza. Basi asubuhi, kabla ya banda kufunguliwa, tuliketi kwenye mkeka chumbani kwao, Da Somoe anamenya muhogo mlangoni, tunaipitia kanda mara moja. "Manka, hapa wanasemaje?" alikuwa ananiuliza. Nikamsomea siku moja kwamba yule kijana anasema mwalimu wake amekufa kwa sababu ya huyu mwenye ndevu. "Aaa, mwalimu!" Kinanda akasema. "Pale bandani Gerezani nani atamlilia mwalimu? Huyo alikuwa baba yake. Na huyu mwenye ndevu ni baba mdogo, amekula nyumba ya marehemu." Nikamwambia mbona mbele anaonekana ana duka la dawa, nyumba hana. "Dawa si amenunua kwa hela za nyumba? Tulia basi." Kila picha aliileta nyumbani namna hiyo. Magari yalifukuzana Ulaya, yeye akasema wamekata kona ya Mtaa wa Msimbazi. Ukionekana mlima wenye theluji alitangaza kwamba sasa tuko kwa kina Manka, maana kwetu ni huko milimani, na watu wa bandani, ambao hawakumjua Manka ni nani, walicheka tu kwa kuwa aliyesema ni yeye. Da Somoe hakuwahi kwenda bandani. Alikuwa anasema anayasikia maneno hayo yakiwa mabichi, hana haja ya kuyanunua yakiwa yamepikwa.

Banda lenyewe lilikuwa Gerezani, nyuma ya mafundi wa magari, mabati matupu na mabenchi ya mbao, na harufu ya oili chafu iliyoingia kila mlango ulipofunguliwa. Lilikuwa banda la Mzee Kundaeli. Wateja walikuwa makuli wa sokoni, wapiga debe, mafundi wenyewe na mikono yao myeusi, na wachuuzi waliokuja kupumzisha miguu. Mbele kulikuwa na televisheni kubwa, na nyuma kabisa, nyuma ya benchi la mwisho, palikuwa na kichumba cha mbao chenye mlango wake wa nje. Humo alikaa Kinanda na televisheni yake ndogo na maiki, na dirisha dogo lenye wavu. Aliingia kabla ya watu na kutoka baada yao, kwa sababu alikuwa mwembamba, mfupi, ana kovu la ndui shavuni, na Mzee Kundaeli alimwambia wazi kwamba sauti ile na mwili ule haviendani, watu wakimwona watadai wamedanganywa. Kinanda alilichukulia kama utani. Nadhani hata alilipenda. Alikuwa anatembea sokoni asubuhi, anawasikia makuli wanabishana juu ya jana Kinanda kasema nini, na yeye yupo hapo katikati yao ananunua nyanya.

Na wateja hao walikuwa na sheria moja, kila mtu wa rika langu aliyekulia mjini hapa anaijua: stelingi hafi. Adui anaweza kufa mara tatu, mchumba anaweza kufa, rafiki wa stelingi yule mcheshi lazima afe ili stelingi apate hasira, lakini stelingi mwenyewe hafi. Ikiletwa picha ambayo stelingi anakufa, mabenchi yanavunjwa. Kwa hiyo picha za namna hiyo, ambazo zilikuja, Kinanda alizitengeneza kwa mdomo. Stelingi kalala chini, damu imejaa, mkewe analia, Kinanda anasema kwa sauti ya mke, "Daktari kasema ni kuzimia tu, wiki ijayo anatoka!" Watu wanatoka wameridhika, wanauliza sehemu ya pili inakuja lini. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiboksi pembeni yake, nacheka mpaka nashika mbavu, kwa sababu mbele yetu kwenye ile televisheni ndogo watu walikuwa wanateremsha jeneza.

Sauti ilianza kukwaruza mwezi ambao maembe yalikuwa yanaanza kuingia sokoni. Mwanzoni tulisema ni vumbi, halafu mafua, halafu maji ya barafu. Da Somoe alimchemshia tangawizi na karafuu, akamkataza pilipili. Lakini bandani kilitokea kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekitegemea. Siku ya kwanza sauti ile ya kukwaruza ilipotoka katika mdomo wa adui, banda zima likapiga makofi. Walidhani amebuni. Walisema Kinanda kaleta adui mpya, adui huyu anatisha, sauti hii kaitoa wapi? Kesho yake walikuja wengi zaidi. Kijana mmoja alileta redio kaseti yake, akaiweka mapajani akarekodi, na hicho ndicho kipande kinachozunguka kwenye simu zenu leo. Mzee Kundaeli akaacha kuleta picha za mapenzi, akaleta za maadui tupu, maadui wenye hotuba ndefu. Kinanda alikuwa anatoka kwenye kichumba ameloa jasho, ameshika koo, na anatabasamu. "Umewasikia?" alikuwa ananiuliza. Nilikuwa nimewasikia. Nilikuwa nimepiga makofi na mimi. Hiyo ilikuwa saratani, na sisi tuliipigia makofi miezi mitatu.

Kufikia masika alikuwa hamezi ugali. Da Somoe alijaribu uji wa mtama, akajaribu bokoboko, akajaribu supu ya samaki aliyochuja kwa kitambaa, na kila chakula kilirudi. Ndipo nikasema nitampikia mtori. Nilinunua ndizi sokoni, nikazipika na nyama mpaka zikavurugika, nikazisaga kwa mwiko uani, wapangaji wote wakisimama kunusa. Kwetu mtori anapewa mwanamke aliyejifungua, na Kinanda alilijua hilo, akalishika lile bakuli akauliza kwa ile sauti iliyobaki, "Manka, mtoto yuko wapi?" Tulicheka wote watatu. Alikula kidogo kidogo kwa kijiko cha chai, mchana mzima, na haukurudi. Tangu siku hiyo nikawa mpishi wake. Da Somoe alikuwa anakaa na kumwangalia kila anapomeza, naye koo lake linameza, ingawa mdomoni mwake hapakuwa na kitu.

Hospitali kubwa tulikwenda watatu, mimi nimebeba chupa ya mtori. Daktari alikuwa dada mdogo, amechoka, alisema nasi kwa upole. Aliweka kidole kwenye shingo yake mwenyewe akasema, "Hapa ndipo penye kisanduku cha sauti. Chako kina uvimbe, na uvimbe huo ni saratani. Tukikitoa chote sasa hivi, kuna matumaini makubwa utaishi. Utakuwa unapumulia tundu la hapa shingoni. Ila hutasema tena." Kinanda akauliza kama hawawezi kutoa nusu. Daktari akasema hapana, wamechelewa. Da Somoe akauliza kisipotolewa. "Ataendelea kusema kwa miezi michache, mama. Halafu hatapumua." Akatupa wiki moja ya kufikiri, na tuliporudi, njia nzima, mtu yule aliyekuwa anawasemea watu wa dunia nzima hakusema neno.

Siku ile alasiri niliwasikia kupitia juu ya ukuta. Sikusikiliza kwa udaku. Nilikuwa nimelala kitandani na hapakuwa na pa kuyapeleka masikio. Kinanda alisema, "Wakitoa nitakuwa nani, Somoe?" Da Somoe akajibu, "Mume wangu." "Mume gani hata hodi hawezi kuitikia?" Sufuria ikafunikwa. Halafu Da Somoe akasema taratibu, hakuwa na hasira, na ndiyo maana yalinichoma: "Kwani sasa hivi ukirudi kutoka huko unasema na mimi? Unarudi maneno umeyamaliza. Mimi nabakishiwa ya kuombea maji ya kuoga. Makuli wa Gerezani wanazijua sauti zako zote. Mimi mkeo najua moja, ya kukoroma." Kinanda akasema watu wanampenda. "Wanaipenda," Da Somoe akasema. "Wewe hawakujui hata sura." Nilijifunika shuka usoni nikalia. Nilikuwa namtaka aishi, na nilikuwa naitaka ile sauti, na kwa umri ule nilikuwa sijawahi kutaka vitu viwili ambavyo kimoja kinaua kingine.

Mzee Kundaeli alikuja katikati ya wiki na machungwa kwenye mfuko wa rambo, akaketi ukingoni mwa kitanda kikalalamika. Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia. "Sikiliza, bwana mdogo," akamwambia Kinanda, "hawa madaktari kukata wanapenda. Yuko mzee mmoja nitakupeleka, koo anaosha kwa mizizi, siku chache tu unarudi kazini. Ukikubali wakukate, nani atakuwa adui? Watu wananiuliza kila siku. Nimewaambia mapumziko kidogo. Unajua wanasemaje? Wanasema Kinanda haumwi, stelingi hafi!" Akacheka peke yake. Da Somoe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Akasema, "Mzee, asante kwa machungwa, ila hawezi kuyameza. Siku hizi anakunywa mtori." "Mtori?" Mzee Kundaeli akasema. "Kwani amejifungua?" Ulikuwa utani uleule uliotuchekesha mwezi uliopita, na safari hii ulianguka sakafuni. Kinanda aliinamisha kichwa. Lakini aliposindikizwa mzee nikaona kwamba yale maneno yamemwingia Kinanda, lile la mizizi na lile la stelingi. Siku mbili hakutaka kusikia habari za hospitali. Alikuwa mtu mzima, ana akili zake, lakini aliishi kwa miaka mingi kwa kuwaambia watu kwamba aliyelala kwenye damu amezimia tu, na nadhani mtu hawezi kulisema jambo hilo kila Jumamosi asije akaliamini kidogo.

Kilichoamua hakikuwa hotuba ya mtu. Ilikuwa asubuhi, Da Somoe yuko uani anafua, mimi nipo korido natwanga kitunguu saumu. Kinanda alipaliwa na mtori. Alikuwa anamwita mkewe, naye hakusikia, maana sauti haikuvuka hata mlango. Mimi niliyekuwa karibu nilidhani ni deki. Akaita tena. Mwisho akachukua kijiko akagonga bakuli, na Da Somoe akaja mbio, mikono ina povu, akampiga mgongo mpaka pumzi ikarudi. Alipotulia aliniangalia mimi niliyesimama mlangoni. Ilibidi niiname kumsikia. "Nimemwita kwa sauti hakuja," akasema. "Kwa kijiko amekuja." Akasema tena, "Mwambieni daktari nakuja."

Siku ya kwenda kulazwa, asubuhi, Kinanda alinitoa nyumbani. Alinipa kikapu akaninong'oneza niende sokoni, nisirudi upesi. Nilikwenda nikazunguka Kariakoo yote, kutoka kwenye mitumba mpaka kwenye maduka ya vyombo, nikisukumwa na mikokoteni, bila kununua chochote, na nyuma yangu katika chumba kile mtu alikuwa anaitumia sauti yake iliyobaki. Alimwambia mkewe nini sijui. Niliporudi walikuwa wamevaa, begi limefungwa, macho ya Da Somoe mekundu na uso umetulia. Miaka yote hii nimekuwa rafiki yake na sijamuuliza. Juzi msibani, mpwa wangu alipomwonyesha simu, akamweleza kwamba sauti ya mzee imesambaa nchi nzima, alisikiliza kipande chote mpaka mwisho, akamrudishia. "Waichukue tu hiyo," akasema. "Ya asubuhi ile sikumpa mtu."

Walimkata, akapona. Wakati yuko wodini Mzee Kundaeli alileta watafsiri wawili kutoka Temeke, watu wakawazomea wote. Nikamwambia nipe mimi, kanda nazijua. Alinicheka kwanza, halafu akanipa kwa kukosa mtu. Nikaingia kwenye kile kichumba, nikashika maiki. Sikuwa mbaya, nasema hivi bila aibu, wanawake wangu walikuwa na sauti tofautitofauti, jambo ambalo banda lile lilikuwa halijawahi kulisikia. Lakini maadui wangu walikuwa kama wasichana wenye mafua, na kila siku, kabla picha haijafika nusu, kelele zilianza: "Tunamtaka Kinanda!" Mzee Kundaeli hakuwahi kuwaambia kilichotokea. Aliwaambia amesafiri.

Alikuja mwenyewe siku moja, Jumamosi alasiri, wakati wa kipupwe. Niliwaona kupitia kwenye wavu, yeye na Da Somoe, wameingia kwa mlango wa watu, wameketi benchi la mwisho, migongo yao karibu na pua yangu. Amejifunga skafu shingoni. Da Somoe amevaa kanga mpya, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia mle. Picha ilianza, nikajitahidi kuliko siku zote, na kelele zikaja palepale zinapokuja siku zote. Karibu na Kinanda aliketi kijana mmoja kuli, bado ana vumbi la unga mabegani. Alimgeukia. "Mzee, samahani, hii leo umeingia hasara. Huyu dada hajui. Wewe umewahi kumsikia Kinanda?"

Nilimwona Kinanda akimwangalia. Halafu akatikisa kichwa, hapana.

"Hujawahi? Aisee, umekosa raha ya dunia. Ngoja nikuonyeshe." Akasimama juu ya benchi, akakaza shingo, akaanza. Akawa adui, akawa baba mdogo, akawa polisi wa Msimbazi, akawa mke anayemgombeza muuza maji. Alikuwa anayajua yote, neno kwa neno, na sauti alikuwa amezipatia hata mimi nywele zikanisimama. Banda likageuka lote kumtazama yeye, picha ikabaki inakwenda nyuma yao. Nikaizima maiki. Kinanda alikuwa ameinua uso, anasikiliza, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Hewa ilikuwa inatoka chini ya skafu kwa mlio mdogo wa filimbi, na watu waliokaa mbele yake waligeuka kuangalia ni nani anayepuliza. Da Somoe akainuka, akatoka nje, akasimama juani kati ya magari mabovu, ameziba masikio kwa ncha za kanga, mpaka yule kijana alipomaliza.